Matundu Manne Hayatoshi

Edgar Herrmann na mwenzake Hans Schüller walishinda Safari Rally ya mwaka 1971 kwa Datsun 240Z, gari la Kijapani la milango miwili lenye injini ya lita 2.4 na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akaipa 240Z ushindi wa pili katika barabara zilezile za vumbi na matope. Magari ya kizazi hicho hayajastaafu. Tangu 2003 yana mashindano yao wenyewe, East African Safari Classic Rally, na nje ya mashindano yapo yanayotunzwa na watu wa kawaida: 240Z chache, na ndugu zake wa bei nafuu kama Datsun 1600 na Datsun 1200.

Chukua mmoja wa wenye magari hayo. Rimu zake za kiwandani zimeliwa na kutu mpaka tairi haishiki upepo. Anakwenda Kirinyaga Road kama yuko Nairobi, au Gerezani kama yuko Dar es Salaam, anaonyeshwa rimu nne za aloi zilizotoka kwenye gari la Kijapani la miaka ya karibuni. Zina matundu manne. Anapima kutoka tundu moja hadi lililo mkabala wake, anapata milimita 114.3, kipimo kilekile cha Datsun. Muuzaji anazipachika, stadi (boliti zinazotokeza kwenye habu, yaani kitako kinachofungiwa gurudumu) zinapita kwenye matundu bila kusukumwa, nati zinakazwa, pesa zinabadilishana mikono. Gari linaondoka likiwa limevaa magurudumu ambayo yanaweza kulikwangua shokapu kwa ndani, kuufanya usukani uwe mzito, na siku moja kulegea nati barabarani.

Vipimo vinavyoamua kama rimu inalifaa gari ni vingi kuliko hicho kimoja, na karibu vyote unaweza kuvipima mwenyewe kwa rula, kalipa ya kupimia na kipande cha mbao kilichonyooka. Ninavyoona mimi, kipimo muhimu kuliko vyote ndicho ambacho wauzaji wengi hawakitaji kabisa.

Tuanze na hicho wanachokitaja. PCD ni kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu yote ya stadi. Rimu ya matundu manne unaipima kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha tundu lililo mkabala wake, na ya matundu sita vivyo hivyo. Tabu iko kwenye matundu matano au matatu, kwa kuwa hakuna tundu lililo mkabala wa jingine. Hapo pima kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha jirani yake, kisha zidisha kwa 1.701 kama ni matano, au kwa 1.155 kama ni matatu. Land Rover ya Series, kwa mfano, itakupa milimita 97 hivi kati ya tundu na jirani yake. Zidisha, utapata 165. Kitabu cha gari kitasema 165.1, yaani inchi sita na nusu kamili. Desimali za PCD nyingi zimetokana na inchi: 114.3 ya Datsun ni inchi nne na nusu, na 139.7 ya Land Cruiser za zamani ni inchi tano na nusu. Wajerumani na Wafaransa walipima kwa milimita, ndiyo maana Volkswagen Beetle za mwanzo zina 205, Citroën 2CV yenye matundu matatu ina 160, na Kombi iliyokuwa na 205 hadi 1970 ikahamia kwenye 112.

Vipimo vinavyokaribiana ndivyo hatari. Rimu ya Fiat au Lada ya zamani ina PCD ya 98. Rimu nyingi za magari madogo ya baadaye zina 100. Tofauti ni milimita mbili tu, maana yake kila tundu liko milimita moja nje ya stadi yake. Nati zitaingia na zitakaza. Lakini sehemu ya nguvu unayoiweka kwenye spana inatumika kuipinda stadi, na nati inagusa ukingo wa tundu upande mmoja tu. Spana itakuambia kwamba imekaza. Stadi iliyopindwa hivyo inapinda na kujinyoosha kila gurudumu linapozunguka, na chuma kinachofanyiwa hivyo mara milioni kadhaa hukatika kwa uchovu, kikiwa chini ya mzigo mdogo sana kuliko ule ambao kingeustahimili siku ya kwanza.

Baada ya matundu, angalia nati. Nissan, na Datsun kabla yake, walitumia stadi ya milimita 12 yenye hatua ya uzi ya milimita 1.25. Toyota walitumia milimita 12 pia, lakini hatua ya 1.5. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha. Nati ya Toyota itaingia kwenye stadi ya Datsun kwa mizunguko miwili au mitatu, kisha itakuwa ngumu, na fundi mwenye mkono mzito ataisukuma mpaka uzi uchanike. Nati sahihi huzungushwa kwa vidole mpaka inapogusa rimu. Ikikataa vidole, usiipelekee spana.

Kikalio cha nati nacho kina maumbo yake. Rimu nyingi za chuma za Kijapani zinataka nati yenye ncha ya pia, mteremko wa nyuzi 60. Volkswagen, Mercedes na Honda walipendelea kikalio cha mviringo kama sehemu ya mpira. Rimu kadhaa za aloi za Toyota zinataka nati yenye shingo ndefu na washa bapa. Nati ya pia kwenye kikalio cha mviringo inagusa kwa mstari mwembamba tu badala ya uso mzima. Aloi ni laini kuliko chuma. Mstari huo unabonyea, nati inalegea, na hakuna anayejua mpaka gurudumu lianze kugonga.

Watu wengi wanadhani gurudumu linabebwa na stadi, kwamba uzito wa gari unaning'inia juu ya vyuma hivyo vinne. Sivyo gari lilivyosanifiwa. Kazi ya stadi ni kuvuta. Inaibana rimu dhidi ya uso wa habu kwa nguvu kubwa kiasi kwamba msuguano kati ya nyuso hizo mbili ndio unaobeba uzito, breki na mwendo. Stadi ya milimita 12 ikikazwa kwa newtonimita 100, uzi ukiwa mkavu na safi, inavuta kwa nguvu ya takriban newtoni 40,000, sawa na uzito wa tani nne. Stadi nne zinakupa tani kumi na sita za mbano kwenye gurudumu moja la gari ambalo lote zima lina uzito wa tani moja hivi. Mbano huo ukiwepo, rimu haisogei hata kidogo. Ukipungua, rimu inaanza kuteleza kwa sehemu ndogo za milimita mbele na nyuma, na sasa ndipo stadi inapokatwa.

Ukishaelewa hivyo, mambo kadhaa ya gereji yanapata maana. Usipake rangi nene uso wa rimu unaokaa kwenye habu, kwa sababu rangi hubonyea polepole na mbano hupungua nayo. Kwangua kutu na tope kwenye habu kabla ya kufunga. Usipake oili au grisi kwenye uzi kama kitabu cha gari hakijasema, kwa kuwa uzi unaoteleza hufanya nguvu ileile ya spana iivute stadi kupita kiasi chake. Na ile bomba ya futi nne inayochomekwa kwenye mpini wa wili spana haijui newtonimita ngapi imefikia.

Sasa kipimo kile kisichotajwa. Huitwa ofseti, na kwenye rimu nyingi kimeandikwa kwa herufi ET na namba, nyuma ya miale au karibu na tundu la valvu. Chora akilini mstari unaoigawa rimu katikati ya upana wake, nusu ya ndani na nusu ya nje. Ofseti ni umbali kutoka mstari huo hadi uso wa rimu unaokaa kwenye habu. Uso ukiwa upande wa nje wa mstari, ofseti ni chanya, na gurudumu linazama ndani ya gari. Uso ukiwa upande wa ndani, ofseti ni hasi, gurudumu linatokeza nje ya madigadi. Magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma yana ofseti ndogo, karibu na sifuri au milimita kumi na kitu. Magari ya leo yanayovutwa na magurudumu ya mbele yana 35, 40, hata 45. Rimu iliyoletwa kwa mwenye Datsun wetu imetoka kwenye gari la aina hii ya pili.

Hesabu yake haina ugumu. Kujua ukingo wa ndani utafika wapi, gawa upana wa rimu kwa mbili, jumlisha ofseti. Kujua ukingo wa nje, gawa upana kwa mbili, toa ofseti. Tuseme rimu ya zamani ina upana wa inchi 5 na umepima ofseti ukapata 12. Nusu ya inchi 5 ni milimita 63.5, kwa hiyo ukingo wa ndani uko milimita 75.5 kutoka kwenye uso wa habu, na wa nje uko 51.5. Rimu mpya ina inchi 6 na ET 38. Nusu yake ni 76.2, ukingo wa ndani unafika 114.2, wa nje 38.2. Gurudumu limesogea karibu milimita 39 kuelekea kwenye shokapu, na kwa nje limezama milimita 13. Kwenye 240Z, ambayo springi zake zinakaa juu ya nguzo ya shokapu mbele na nyuma, milimita 39 hazipo. Tairi itasugua kikalio cha springi au nguzo yenyewe, na tairi inayosugua chuma hukatika ubavuni, mahali ambapo hakuna fundi pancha anayeweza kupaziba.

Kama namba ya ET haionekani, ipime. Laza rimu kifudifudi, weka ubao ulionyooka juu ya kingo zake mbili, kisha pima kutoka chini ya ubao hadi kwenye uso unaokaa kwenye habu. Pima pia upana wote wa rimu, ukingo hadi ukingo. Gawa upana huo kwa mbili, utoe kwenye kipimo cha kwanza. Kinachobaki ndicho ofseti. Usichanganye upana huu na ule ulioandikwa kwenye rimu: rimu ya inchi 6 hupimwa inchi 6 pale tairi inapokaa, lakini ukingo hadi ukingo hukaribia inchi 7.

Mafundi wengi wanapoiona tairi imegusa shokapu hushauri spesa. Spesa ya milimita 25 itaishusha ET 38 hadi 13, na kwa hesabu tupu tatizo limekwisha. Lakini spesa bapa inayowekwa kati ya habu na rimu inakula urefu wa stadi. Uzi uliobaki ndani ya nati unapaswa usipungue kipenyo cha stadi yenyewe. Kwa stadi ya Datsun hiyo ni karibu mizunguko kumi. Hesabu mizunguko unapofungua. Ukipata minne au mitano, gari hilo halipaswi kutoka gereji. Zipo spesa zinazofungwa kwenye habu kwa nati zake na zenye stadi zake nyingine kwa nje. Zilizochongwa vizuri zinafanya kazi, sikatai. Kasoro yake ni kwamba zinaacha nati nne zilizofichwa nyuma ya rimu, ambazo hakuna atakayekumbuka kuzikaza tena mpaka siku rimu itakapovuliwa. Ningekuwa na uchaguzi, ningetafuta rimu yenye ofseti inayofaa tangu mwanzo na kuiacha spesa dukani.

Kosa la upande wa pili linapendwa zaidi, maana linapendeza macho: rimu pana yenye ofseti hasi kubwa, inayotokeza nje kama ile ya gari la mashindano. Hapo tunafika kwenye fizikia ya usukani.

Gurudumu la mbele linapogeuzwa, linageuka kwenye mhimili uliolala kidogo, unaopita kwenye viungio vya juu na chini vya shokapu. Urefushe mhimili huo mpaka ardhini. Mahali unapogusa ardhi na mahali katikati ya tairi inapogusa ardhi si pamoja. Kuna pengo kati yake. Kila unapopunguza ofseti kwa milimita moja, pengo linaongezeka milimita moja, kama tairi ni ya kimo kilekile. Na pengo hilo ni mkono wa nguvu, kama mlango: ukiusukuma karibu na bawaba hausogei, ukiusukuma kwenye kitasa unafunguka kwa kidole. Tuseme breki ya gurudumu la kushoto inashika kwa newtoni 1,000 zaidi ya ile ya kulia, kwa sababu upande huo uko kwenye lami na ule mwingine uko kwenye mchanga wa pembeni. Pengo likiwa milimita 10, usukani unavutwa kwa newtonimita 10 kwenye mhimili, jambo ambalo dereva hata halioni. Pengo likiwa 40, ni newtonimita 40. Gari linajipeleka lenyewe kushoto wakati ule ambao dereva anataka liende moja kwa moja.

Wahandisi waliliona jambo hilo mapema. Audi 80 iliyotoka 1972 ilisanifiwa pengo likiwa upande wa pili, yaani mhimili unagusa ardhi nje ya katikati ya tairi, ili breki zinapotofautiana nguvu, usukani ujirekebishe badala ya kuvuta. Usanifu wa namna hiyo, pamoja na nafasi inayotakiwa na shafti za mbele, ndio uliozaa ofseti kubwa za magari ya leo. Ndiyo maana rimu za leo zina namba zile. Zilichorwa kwa ajili ya mhimili mwingine, na Datsun yako haina mhimili huo.

Beringi nazo zinaumia. Habu ya mbele ya magari haya ina beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Mhandisi aliweka katikati ya tairi karibu na ile kubwa, kwa hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Ukilitoa gurudumu nje milimita 30 au 40, mzigo unahamia kwa ile ndogo, na kwenye kona mzigo huo unaongezeka. Mwenye gari atalaumu beringi, atanunua nyingine, nayo itakufa vilevile. Springi zitaonekana zimelegea pia, kwa kuwa gurudumu lililo mbali zaidi lina mkono mrefu zaidi wa kuzibonyeza.

Kwa wenye Land Cruiser na Hilux za zamani, mtego mkubwa ni tundu la katikati ya rimu. Matundu sita ya PCD 139.7 yanapatikana kwenye Land Cruiser za mfululizo wa 40, Hilux, Nissan Patrol na Mitsubishi Pajero. Lakini tundu la katikati la rimu ya Hilux ya magurudumu manne ni milimita 106, na la Pajero za baadaye ni 67.1. Rimu hiyo ya Pajero haipiti kwenye habu ya Toyota yenye vizibo vya kufungia magurudumu ya mbele, na nimesikia ushauri wa kuipeleka kwa mchongaji aipanue. Mchongaji anaweza kuipanua. Kilichoondolewa ni chuma kilichokuwa kinashikilia sehemu ya rimu inayobanwa na nati, na hakuna anayejua kimebaki kiasi gani cha nguvu. Tundu likiwa kubwa kuliko habu, hilo ni tatizo dogo: pete ya kujazia ya kipimo sahihi inatosha kuiweka rimu katikati wakati wa kufunga. Bila pete, na kama nati si za pia, gurudumu linaweza kukaa pembeni kidogo, na dereva atausikia usukani ukitetemeka kwenye mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa hata baada ya kufanya balansi mara tatu.

Kuhusu kimo cha tairi nitasema kidogo, kwa sababu ni hesabu ya darasa la saba. Tairi ya 240Z ilikuwa 175 kwa rimu ya inchi 14, na tairi ya zamani isiyoandikwa asilimia ya ubavu huhesabiwa kama 82. Hiyo inakupa kipenyo cha milimita 643 hivi. Tairi ya 195/70R14 ina 629, ya 205/60R15 ina 627. Zote ziko pungufu kwa asilimia mbili na kitu, na spidomita haitaona. Tairi ya 195/50R15 ina 576, pungufu kwa asilimia kumi: mshale ukisema 100, gari liko kwenye 90, na injini inazunguka haraka zaidi safari nzima. Juu ya hayo, tumbo la gari limeshuka zaidi ya sentimita tatu, na barabara zetu hazisamehi sentimita tatu.

Uzito unahitaji kusemwa kwa sauti zaidi kuliko mitindo. Kila rimu na kila tairi ina mzigo wake wa juu. Kama ekseli ya nyuma ya gari lako, likiwa limejaa, inabeba kilo 1,200, kila rimu ya nyuma inapaswa kubeba zaidi ya 600, na tairi nayo. Kwenye tairi, namba 82 inamaanisha kilo 475, 90 ni kilo 600, 95 ni kilo 690. Kombi za baada ya 1970 zinashiriki PCD ya 112 na Mercedes nyingi, na rimu za Mercedes zinapendeza sana kwenye Kombi. Wanaozipenda wafanye mambo mawili: walinganishe kikalio cha boliti, maana mviringo wa kampuni moja si lazima uwe na nusu kipenyo sawa na wa nyingine, na wasifunge tairi za gari dogo la familia kwenye gari linalobeba watu wanane na mizigo yao.

Peugeot 505 inastahili onyo lake peke yake, maana bado zipo mashambani na mijini. Baadhi yake zilitoka kiwandani na mfumo wa Michelin TRX, ulioanza 1975, ambao rimu zake zilipimwa kwa milimita: 390, kwa mfano. Milimita 390 ni inchi 15.35. Tairi ya inchi 15 haikai kwenye rimu hiyo, na ukingo wa rimu yenyewe una umbo tofauti. Kuilazimisha tairi kwa kuijaza upepo mwingi mpaka iruke mahali pake ni kucheza na mlipuko mbele ya uso wa fundi. Mwenye rimu za TRX ama atafute tairi za TRX, ambazo bado zinatengenezwa na ni ghali, ama abadilishe rimu zote nne.

Nimeacha umri mwisho, ingawa ndio ungenifanya nikatae rimu kwanza. Rimu maarufu za Minilite zilizozaliwa Uingereza miaka ya 1960 kwa ajili ya Mini za mashindano zilikuwa za magnesiamu, madini mepesi yanayoliwa na unyevu na chumvi hata chini ya rangi. Mtu anayeishi Mombasa, Tanga au Zanzibar ajue kwamba hewa yenyewe ni adui wa rimu hizo. Rimu ya magnesiamu ya miaka hiyo ifunguliwe rangi yote na ipimwe nyufa kwa rangi maalumu inayopenya, ambayo huingia kwenye ufa usioonekana kisha hujitokeza ukipuliza unga mweupe. Isipopita, ipambe ukutani.

Kwa aloi ya kawaida ya alumini, kilio changu ni mtungi wa gesi. Rimu imepinda kwenye shimo, fundi anaipasha moto mpaka inalainika, anaigonga, inarudi duara. Au ina ufa, anaichomelea. Kwa macho imepona. Lakini rimu nyingi nzuri hupewa nguvu yake kiwandani kwa joto: hupashwa hadi nyuzi 500 na zaidi, hupozwa ghafla, kisha hupikwa tena kwa saa kadhaa kwenye joto la chini lililopimwa. Moto wa gereji unafuta kazi hiyo katika eneo lililoguswa. Kinachobaki ni alumini laini iliyozungukwa na alumini ngumu, na mpaka kati ya hizo mbili ndipo ufa unaofuata utakapoanza. Rimu ya chuma iliyopinda hugongwa ikanyooka na kuendelea na kazi kwa miaka, na kwa gari litakalopita barabara za vumbi naipendelea kuliko aloi yoyote isiyo na historia inayojulikana.

Mwenye Datsun wetu, basi, bado anahitaji rimu. Ushauri wangu kwa 240Z au 1600 inayotumika barabarani: inchi 14 kwa upana wa inchi 6, au inchi 15 kwa upana wa 6 na nusu au 7, ofseti kati ya sifuri na kumi na kitu, tairi ya kimo kinachokaribia milimita 630. Nissan wenyewe walitumia PCD ya 114.3 kwa miongo mingi, kwa hiyo rimu za magari yao yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma zitafutwe kabla ya zile za magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Kabla ya kulipa, funga rimu moja tu mbele bila tairi, zungusha kwa mkono, uangalie nafasi kati ya miale na kalipa ya breki. Milimita tatu ndiyo chini kabisa ninayoikubali. Kisha funga yenye tairi, shusha gari, geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia watu wawili wazito wakiwa wamekaa mbele. Bandika vipande vya udongo laini kwenye kikalio cha springi na ndani ya madigadi, endesha polepole juu ya matuta, rudi uangalie vimebonyea wapi.

Kama viko salama, kaza nati kwa mtindo wa msalaba na torki-renchi, kwa mkazo ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Endesha kilomita 50 hadi 100, acha magurudumu yapoe, kisha kaza tena. Ile nati itakayozunguka hata robo mzunguko, ifungue uangalie kikalio chake kabla ya kuirudisha.